Kereng'ende wa Luama na vijito vya Kasongo: mto ukibadilika, nao wanabadilika

Ukifika kando ya kijito saa jua limekwisha kupanda, tuseme kuanzia saa nne ya asubuhi mpaka saa nane, utamwona. Mwili mrefu kama sindano, mabawa manne yanayong'aa, macho makubwa yaliyoshika karibu kichwa chote. Anasimama hewani bila kusogea, anarudi nyuma, kisha anapotea. Shuleni wanamwita libellule. Kiswahili cha kitabu kinasema kereng'ende, na kila lugha ya kwetu ina jina lake juu yake. Watoto wanamfunga uzi na kumrusha. Watu wazima wengine wanamwogopa, wanasema anachoma kama nyuki. Hapana, hana mwiba. Ukimshika kwa nguvu anaweza kukuuma kidogo kwa meno, basi.

Kwa nini tumwandike leo? Juu ya swali moja ambalo linarudi kila mara tunapozungumza habari za maji ya Kabambare na Kasongo. Mtu anasema: "Munasema mto umeharibika, lakini kereng'ende si wamejaa pale? Kama maji ingekuwa mbaya, wasingekimbia?" Ni swali la akili, na jibu lake halikai katika neno moja. Mto ukiharibika, kereng'ende hawaishi wote. Wale wa zamani wanaondoka, wengine wanaingia mahali pao, na mara nyingine wageni wanakuwa wengi kuliko wenyeji. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya kijito asihesabu tu ni wangapi. Aangalie ni wa aina gani.

Mdudu mwenye maisha mawili

Kereng'ende tunayemwona akiruka ni mzee. Sehemu kubwa ya maisha yake imekwisha kupita chini ya maji, bila mabawa, akiwa na rangi ya matope au ya majani yaliyooza. Mama anataga mayai majini au ndani ya mmea laini, aina nyingine ndani ya mti uliolowa. Mtoto anayetoka pale ni mwindaji mkali. Chini ya uso wake amekunja kitu kama mkono wenye makucha. Kitu kikipita karibu, iwe kiluwiluwi cha mbu, mdudu mwingine, hata kisamaki kidogo, anaurusha mkono huo mbele na kukivuta mdomoni kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Wenye etang za tilapia wanamjua vizuri na hawampendi, kwa sababu anakula vifaranga vya samaki. Hawajakosea.

Aina zingine zinakaa majini wiki chache tu. Zingine zinakaa miezi, na ziko zinazokaa miaka. Siku ikifika, mtoto anapanda juu ya jani au jiwe, mara nyingi usiku au alfajiri, ngozi inapasuka mgongoni, na kereng'ende mwenye mabawa anatoka. Ngozi tupu inabaki imeshika jani, kavu, nyepesi kama ganda la karanga. Ikumbuke hiyo ngozi, tutairudia.

Watoto wa aina kubwa wanapumua kwa kuvuta maji ndani ya tumbo kwa upande wa nyuma, na wakishtuka wanayatoa kwa nguvu ili wakimbie, kama mpira uliotoboka. Wale wembamba wana vitu vitatu kama majani kwenye mkia, na hivyo vinawasaidia kuchukua hewa ya majini. Maji yakiwa na hewa kidogo, au yakiwa na matope yanayofunika kila kitu, wao ndio wanaoumia kwanza. Hawawezi kuruka kwenda kijito kingine.

Akiwa mkubwa, maisha yake ni hewani na kando ya maji: kuwinda, kulinda eneo lake, kutafuta mwenzi. Sasa anahitaji vitu vingine, kivuli au jua, mti wa kukalia, majani ya kutagia. Ndiyo maana mdudu huyu anasema habari za pande zote mbili. Kukiharibika ndani ya maji anapotea, na kukiharibika ukingoni anapotea vile vile. Samaki anakuonyesha maji peke yake na ndege anakuonyesha pori, lakini kereng'ende anashika yote mawili.

Duniani wanajulikana aina zaidi ya 6,000, na Afrika peke yake ina zaidi ya 700. Wataalamu wanawagawa katika makundi mawili makubwa. Wa kwanza ni wanene, wanaokaa na mabawa yamefunguka kama ndege ya Kavumu imepaki. Wa pili ni wembamba, wengi wao wanafunga mabawa juu ya mgongo wakitua. Wafaransa wanawaita demoiselle, yaani msichana. Wengi wa wale wa pori la kivuli, ambao habari hii inawahusu zaidi, wanatoka katika hili kundi la pili.

Wa pori na wa peupe

Kusini mwa Maniema ni mahali pa kupakana. Ukitoka Kindu ukishuka, pori kubwa linaanza kupungua, savani inaingia, na ukifika Kasongo na Kabambare unakuta vyote viwili vimechanganyika: nyasi juu ya vilima, na pori limebaki kama mkanda kando ya mito na vijito. Kutoka juu ungeona mistari ya kijani kibichi inayofuata kila mto, kutoka vijito vidogo mpaka Luama, na Luama mpaka Lualaba. Luama yenyewe inatoka katika milima ya Kivu ya Kusini, inapita Kabambare, kisha inaingia Lualaba kusini mwa Kasongo. Hii ni nchi ya maji tangu zamani. Livingstone, mzungu aliyepita huku, alikwama Bambarre, yaani Kabambare, miezi mingi mwaka 1870, juu ya mvua, matope na vidonda vya miguu.

Hii mikanda ya pori njo nyumba ya kereng'ende wa pori. Ndani yake maji ni ya baridi, jua linaingia kwa matone matone, majani yanaanguka na kuoza polepole, magogo yamelala katikati ya mkondo. Pale utakuta kereng'ende wadogo ambao madume yao yana tumbo jekundu sana au la buluu, wanakaa juu ya gogo au jiwe katikati ya maji na kucheza mbele ya majike. Wataalamu wanawaita Chlorocypha. Utakuta pia wale wembamba wakubwa wa kijani kinachong'aa kama chuma kipya, wa kundi linaloitwa Umma na wenzao Sapho, wanaoruka polepole katika kivuli kama kipepeo aliyechoka. Jina Umma lisikudanganye, linafanana tu na neno letu. Mwaka 2015 wataalamu watatu, Dijkstra, Kipping na Mézière, walitangaza aina 60 mpya za kereng'ende wa Afrika kwa mara moja, na mmoja wa kundi hili wakamwita Umma gumma, kwa jina la sahani ya muziki ya Pink Floyd. Wataalamu nao wanacheka.

Aina 60 mpya katika maandishi mamoja, kwa mdudu mkubwa anayeruka mchana mbele ya macho ya kila mtu, zinaonyesha jinsi mito ya Afrika ya kati bado inavyoficha mambo. Si kwamba hakuna aliyeanza zamani. Henri Schouteden, Mbelgiji aliyeongoza jumba la makumbusho la Tervuren, alitoa kitabu juu ya kereng'ende wa Kongo mwaka 1934. Mwaka 2010 Wakongo na Wabelgiji walipanda mto pamoja katika safari ya utafiti iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo, ikitumia Kisangani kama kituo, na baadaye Chuo Kikuu cha Kisangani kikapata kituo chake cha kufuatilia viumbe hai.

Sasa wale wa peupe. Hawa unawajua hata kama hujui majina. Yuko yule mwekundu mzima, dume la Crocothemis, anayekaa juu ya unyasi kwenye bwawa. Yuko yule wa rangi ya zambarau, Trithemis. Yuko mfupi mwenye mabawa ya buluu na nyeusi anayependa majani ya chepechepe. Na yuko yule mwenye mkanda mweusi katikati ya bawa, anayekaa chini kwenye udongo ulio wazi kando ya maji. Ukitembea anakufuata, anaruka mbele ya miguu yako, wao wengi pamoja. Hakupendi wewe. Anangojea wadudu wadogo ambao miguu yako inawashtua. Zamani alifuata nyati na viboko, siku hizi anafuata ng'ombe, watu na piki piki iliyokwama.

Wa peupe wanapenda jua, wanavumilia maji ya moto na ya matope, wanazaa haraka, wanaruka mbali. Wako Kasongo, wako Dar es Salaam, wako Senegal. Wa pori la kivuli ni kinyume. Wengi hawavuki hata shamba kubwa lililo wazi. Ukikata mkanda wa pori katikati, wa juu na wa chini wanakuwa kama vijiji viwili ambavyo daraja lao limevunjika.

Mtafiti Viola Clausnitzer alifanya kazi miaka mingi katika misitu ya pwani ya Kenya na ya milima ya Tanzania, na aliona jambo hilo waziwazi. Pale msitu ulipokatwa, kereng'ende wa msitu waliondoka na nafasi yao ikachukuliwa na wale wanaoenea Afrika nzima. Karibu na Tanga, katika milima ya Usambara ya Mashariki, yuko mmoja mwembamba anayeitwa Amanipodagrion gilliesi. Makao yake yaliyobaki ni sehemu ndogo sana ya hifadhi ya Amani, na amewekwa katika daraja la mwisho kabla ya kupotea. Mti ukianguka pale bila mpango, ni ukoo mzima unaokwisha.

Machimbo: pale matope yanapoanza

Katika teritwari ya Kabambare dhahabu si habari mpya. Namoya, upande wa Salamabila, ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na leo wachimbaji wa mikono wako katika vijito vingi. Familia nyingi zinakula kwa kazi hiyo, shule za watoto zinalipwa kwa kazi hiyo, na hatuandiki hapa ili kuwahukumu. Tunaandika kinachotokea ndani ya maji.

Kuosha udongo wa dhahabu kunatia matope laini mtoni kila siku. Matope hayo yanatua chini, yanaingia kati ya changarawe, yanaziba vile vishimo ambamo watoto wa kereng'ende wanajificha na kuwinda. Wengi wanawinda kwa macho, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanawafanya vipofu. Wadudu wanaoliwa nao wanakufa pia. Mkondo ukigeuzwa kwa motopompi au kwa kuchimba mfereji, sehemu ya zamani inakauka na walio ndani yake wanakwisha.

Lakini angalia upande wa pili. Mashimo ya zamani yanajaa mvua. Yanakuwa mabwawa madogo ya maji yaliyosimama, jua linapiga, hakuna samaki. Kwa kereng'ende wa peupe hiyo ni hoteli! Ndani ya miezi michache utakuta wekundu, wa zambarau, wa mkanda mweusi, makumi kwa makumi. Ndipo mtu anaposema: "Si wamejaa pale?" Kweli wamejaa. Na huo ujazo, mahali palipokuwa kijito cha kivuli, njo ushuhuda wa mabadiliko yenyewe. Wale wa magogo na maji ya baridi hawako tena.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayaoni, nalo ni zebaki, ile mercure ya kushika dhahabu. Mahali inapotumika, sehemu yake inaingia mtoni. Ndani ya matope, hasa pasipo na hewa, vijidudu vinaigeuza kuwa sumu ya namna ambayo inaingia mwilini na kukaa. Kidudu kidogo kinakuwa nayo kidogo, anayekula vidudu 100 anakuwa nayo zaidi, na samaki anayekula hao anazidi. Mama mjamzito anayekula samaki huyo anampitishia mtoto tumboni, na ubongo wa mtoto ndio unaoathirika. Mtoto wa kereng'ende anakaa katikati ya ngazi hiyo. Anawinda mahali pamoja muda mrefu, hivyo mwili wake unaweka daftari la zebaki ya pale alipo, si ya mbali. Marekani wamelitumia hilo: katika hifadhi zao za taifa zaidi ya 100, wanafunzi na wageni wanakusanya watoto wa kereng'ende kutoka mito na maziwa, kisha maabara inapima zebaki miilini mwao. Ni rahisi kuliko kuvua samaki wakubwa, na mtoto wa shule anaweza kuifanya kwa kichujio.

Kwa macho hatuwezi kupima zebaki. Kereng'ende mwenye sumu anaruka sawa na asiye nayo. Hilo lisemwe wazi, ili mtu asije akadhani mdudu akionekana basi samaki ni salama.

Makala, mpunga, na jua linaloingia

Machimbo yanaonekana kwa urahisi, ndiyo maana watu wanayasema zaidi. Ila sehemu kubwa ya mabadiliko inakuja kwa panga na moto. Kwetu kiangazi kinaanza mwezi wa tano au wa sita, na ndicho wakati wa kukata na kuchoma. Mkanda wa pori la mto unavutia: udongo una rutuba, maji yako karibu kwa mboga za kiangazi, miti ni minene kwa makala. Mji ukikua, gunia za makala zinatoka mbali zaidi kila mwaka.

Ukiondoa miti ya ukingoni, jambo la kwanza ni jua. Maji yanapata joto, na maji ya joto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi. Majani hayaanguki tena kuwalisha wadudu wa chini. Magogo yanaisha. Ukingo unaporomoka mvua ya kwanza ikipiga. Hata bila gramu moja ya zebaki, kijito kimebadilika kabisa, na kereng'ende wa kivuli wanakwenda.

Mpunga ni habari tofauti kidogo. Ulikuja na Waarabu na Waswahili wa pwani katika karne ya 19, wakati Kasongo na Nyangwe ilikuwa miji yao, na leo mchele ni sehemu ya jina la Maniema. Mpunga wa kilimani unakula pori. Mpunga wa mabondeni unaleta maji yaliyosimama kati ya majani, na kereng'ende wa peupe wanazaa humo kwa wingi na kuwinda wadudu wa shamba. Mkulima asiwafukuze. Tatizo linakuja pale bonde linapolimwa mpaka kwenye mdomo wa mto, bila kuacha hata mti.

Na joto la dunia? Hapa kereng'ende wa Afrika wametoa mfano ambao Ulaya imeuona kabla yetu. Yule mwekundu wa mabwawa yetu, Crocothemis erythraea, yuko pia kando ya bahari ya Mediterania. Kadiri Ulaya ilivyopata joto, alipanda kaskazini, akakaa Ujerumani, na mwaka 1995 akaonekana Uingereza kwa mara ya kwanza. Ndugu yake Trithemis kirbyi, anayejulikana sana Afrika, alionekana Hispania mwaka 2007 na sasa anazaa huko. Wapenda joto wanasafiri. Wale wa vijito vya baridi vya milimani, kama vya huko juu Luama inakotoka, hawana mahali pa juu zaidi pa kwenda.

Shirika la IUCN lilitoa hesabu yake ya dunia nzima mwezi wa 12 mwaka 2021. Katika aina 6,016 za kereng'ende zilizochunguzwa, asilimia 16 ziko katika hatari ya kupotea. Sababu iliyotajwa kwanza ni kuharibika kwa maeneo ya maji: dunia ilipoteza asilimia 35 ya maeneo hayo kati ya 1970 na 2015, mara tatu kwa haraka kuliko misitu.

Wale wanaokuja na mvua

Si kila kereng'ende unayemwona amezaliwa hapa. Kila mwaka mvua zinapoanza kurudi, wanatokea makundi ya wale wa rangi ya dhahabu iliyofifia, juu ya uwanja wa mpira, juu ya barabara, mamia wakizunguka bila kutua. Huyu ni Pantala flavescens, msafiri mkubwa kuliko wadudu wote tunaowajua. Anafuata mkanda wa mvua. Mtafiti Charles Anderson, aliyekaa Maldivi, aliandika mwaka 2009 kwamba makundi hayo yanafika visiwani kila mwezi wa 10, kisiwa ambacho hakina hata mto, yakitoka upande wa India na kuelekea Afrika ya Mashariki kwa msaada wa upepo. Safari yote ya kwenda na kurudi, ambayo inachukua vizazi kadhaa, inafika kilomita 14,000 mpaka 18,000.

Mtoto wake anakomaa haraka, kwa siku 38 mpaka 65 hivi, ili dimbwi lisikauke kabla hajapata mabawa. Kwa hiyo ukiona kundi lake halikuambii chochote juu ya kijito chako. Linakuambia habari za mvua. Mvua zikichelewa nalo linachelewa, na mvua zikikatika katikati, madimbwi yanakauka na watoto wanakufa humo. Mzee anayesema "wamefika, tutayarishe mbegu" hasemi uchawi. Ila asipande kwa kereng'ende peke yake, kwa sababu upepo unaweza kuwaleta na mvua isishike.

Na mbu je?

Swali hili halikosi kwenye simu. Kereng'ende anakula mbu, mtoto kwa mtoto na mkubwa kwa mkubwa. Katika miaka ya 1980 huko Rangoon, Burma, watafiti waliweka watoto wa kereng'ende ndani ya mapipa ya maji ya nyumbani, na mbu wanaoleta homa ya denge walipungua sana. Ni jaribio la kweli.

Lakini mbu wa malaria wa kwetu anapenda vidimbwi vidogo vya mvua, nyayo za ng'ombe, alama za tairi. Humo anakomaa kwa wiki moja au mbili. Kereng'ende aliye haraka kuliko wote anahitaji zaidi ya mwezi. Dimbwi limekwisha kutoa mbu kabla mwindaji hajakua. Katika bwawa kubwa la kudumu, au shimo la zamani la machimbo, anasaidia. Kwenye vidimbwi vya barabarani hasaidii. Kwa hiyo chandarua, ile tunaita mustikere, ibaki juu ya kitanda, hata kama uwanja umejaa Pantala.

Kuangalia kijito chako mwenyewe

Mwalimu wa sayansi, au kikundi cha vijana, anaweza kufanya kazi hii bila mashini yoyote. Chagua sehemu moja ya kijito, tuseme hatua 100, na uirudie hiyo hiyo kila mwezi siku ya jua. Mawingu yakifunika, wanajificha na utadanganyika. Tembea polepole, saa moja. Andika katika daftari: wangapi wanakaa kivulini juu ya gogo au jiwe, wangapi wanakaa juani kwenye nyasi, wangapi kwenye udongo mtupu. Majina ya Kilatini hayahitajiki. Wembamba wa kijani cha chuma na wadogo wenye tumbo jekundu au la buluu juu ya magogo, waweke safu yao peke yao. Simu yenye kamera inatosha kuweka ushahidi.

Kisha tafuta zile ngozi tupu tulizozisema. Kereng'ende anayeruka anaweza kuwa mpita njia, ila ngozi iliyoshika jani inasema mtu alizaliwa hapa, alikaa majini hapa, akamaliza salama. Ngozi za mwaka huu kwenye kijito cha pori, na mwaka ujao hakuna, wakati ukingo umekatwa: hiyo ni habari ya kupeleka kwa shefu wa kijiji na kwa wakubwa wa mazingira wa teritwari, tena ina tarehe.

Afrika ya Kusini wamekwenda mbali zaidi. Profesa Michael Samways na wenzake wametengeneza kipimo kinachompa kila kereng'ende alama kulingana na anavyovumilia uharibifu, na jumla ya alama inaonyesha hali ya mto. Huko tatizo lilikuwa miti ya kigeni iliyofunika kingo na kuziba jua lote. Ilipokatwa, na miti ya asili ikarudi, kereng'ende walirudi. Mmoja aliyedhaniwa amepotea kabisa, Spesbona angusta, alionekana tena mwaka 2003. Dawa yao haiwezi kuwa yetu, kwa sababu sisi tunapungukiwa na kivuli, hatuna cha kuzidi. Kinachofaa kuchukuliwa kwao ni kwamba mto ukiachiwa nafasi unaweza kurudi, mradi juu yake imebaki sehemu yenye wale wa zamani ili washuke. Hapa kwetu sehemu hiyo ni vichwa vya vijito, kule ambako panga halijafika bado. Kijiji kinachoacha hatua 20 au 30 za pori kila upande wa kijito, kuanzia kwenye chemchemi, kinaacha pia njia ya kereng'ende kurudi, na maji ya kiangazi hayakauki haraka.

Na hili la mwisho, kwa wamama wanaoteka. Kereng'ende wa kijani cha chuma akikaa juu ya kijito chako, anasema maji yana kivuli, yana hewa, hayana matope mengi. Hasemi kwamba hayana kipindupindu. Mikrobi za choo cha jirani wa juu hazimsumbui. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa, na bidoni ifunikwe.